Gemu yangu ya boda inawashinda wachezaji: je, nipunguze vitufe?

Swali: *Habari za kazi, mwalimu. Niko Busia, upande wa Uganda, na ninatengeneza gemu ya bodaboda inayopita barabara za Kampala. Inachezwa kwenye kompyuta kwa pedi ya PS4. Unakata kona kwa stiki ya kushoto, unaongeza mwendo kwa R2, unafunga breki kwa L2, unabadilisha gia kwa X na mraba, unapiga honi kwa duara, na unageuza kamera kwa stiki ya kulia. Abiria akibadilisha safari njiani, unapatana naye nauli upya kwa vitufe vya mishale. Ukibana L1, kila kitufe kinapata kazi ya pili: taa, simu, ramani, kumwonyesha trafiki kibali. Niliipeleka kwenye kibanda cha gemu, na vijana wanaocheza mpira kutwa bila hata kuitazama pedi wakashindwa, wakarudi kwenye mpira wao. Rafiki yangu anasema nibakize vitufe viwili kama gemu za simu. Mimi naogopa itakuwa gemu ya watoto. Je, vitufe vingi ndivyo vinavyoifanya gemu kuwa ngumu? Na gemu ya vitufe vichache inaweza kumshughulisha mtu mzima? Halafu gumba la kushoto huniuma nikiijaribu kwa muda mrefu. Ni kawaida?*

Jibu: Ndugu yangu, asante kwa kunieleza mpangilio wako kitufe kwa kitufe. Wengi huandika tu kwamba gemu yao ni ngumu, wakaniachia kazi ya kukisia.

Nikikuelewa vizuri, una hofu mbili zinazovutana. Ukiacha vitufe vilivyo, hakuna atakayeicheza. Ukivipunguza, hakuna atakayeiheshimu. Halafu mwishoni, kama jambo la kupita, ukataja gumba. Mimi nitaanza na hilo gumba, maana ndilo lililonionyesha kasoro iko wapi.

Ishike pedi mkononi tuhesabu pamoja. Ina stiki mbili na vitufe 14 vya kuchezea, ukijumlisha mishale minne na kule kubofya stiki zenyewe. Lakini mikono inayoishika hutoa vidole vinne tu vya kazi: magumba mawili na vidole viwili vya shahada. Vilivyobaki vinaishikilia pedi isianguke. Gumba la kushoto lina stiki na mishale, ila haliwezi kuwa kwenye vyote viwili kwa wakati mmoja. La kulia lina stiki yake na vile vitufe vinne vya maumbo, nalo ni hivyo hivyo. Kidole cha shahada cha kushoto kina L1 na L2, vile vitufe vya begani mwa pedi, cha kulia kina R1 na R2.

Sasa cheza gemu yako. Uko Jinja Road, abiria anasema anataka kushukia Nakawa badala ya Wandegeya, na bei inaanza kuvutwa. Ili upatane, gumba la kushoto linaacha stiki na kushuka... samahani, kwenye pedi hiyo ni kupanda, hadi kwenye mishale. Wakati huo hakuna anayeshika usukani. Boda inakwenda mbele kama mshale na mbele kuna teksi imesimama. Mchezaji anataka breki, ambayo ni L2, lakini ikiwa alikuwa amebana L1 aangalie ramani, kidole cha breki kiko kazi nyingine. Akitaka kupunguza gia, gumba la kulia liko kwenye kamera. Vijana wale hawakushindwa kwa sababu vitufe ni vingi. Walishindwa kwa sababu umewaagiza wafanye kwa pamoja mambo ambayo yanagombea kidole kimoja, tena mara tatu. Na gumba lako linauma kwa sababu hiyo hiyo: linakimbia kati ya stiki na mishale kutwa nzima.

Kwa hiyo swali la kwanza si pedi ina vitufe vingapi. Uliza hivi: katika sekunde moja yenye hekaheka kuliko zote, ni mambo mangapi ninayodai, na kila moja linafanywa na kidole kipi?

Baada ya hapo tuje kwenye hofu ya "gemu ya watoto". Kuna ugumu wa aina mbili na watu huuchanganya. Upo ugumu wa kuendesha, yaani kuufanya mkono utii, na upo ugumu wa kuamua, yaani kujua la kufanya hata kama mkono unatii. Pedi inagusa zaidi ule wa kwanza. Ule wa pili unatoka kwenye sheria za gemu yenyewe. Nenda kwenye steji yoyote ya boda ambako wazee wanacheza omweso, yaani bao la Kiganda. Mashimo 32, kete 64, mkono mmoja unaochota na kugawa. Mtoto anajifunza kusogeza kete kwa jioni moja, na bado kuna wazee ambao hutawashinda maishani. Hakuna kitufe hata kimoja pale.

Upande wa pili upo pia. QWOP, aliyoitengeneza Bennett Foddy mwaka 2008, inatumia herufi nne tu za kibodi, mbili za mapaja na mbili za mashavu ya miguu, na watu wazima wanashindwa kumkimbiza mwanariadha mita chache. Flappy Bird ya Dong Nguyen kutoka Vietnam, iliyotoka 2013, ilikuwa na kugusa skrini tu, na iliwatoa watu jasho dunia nzima. Wakati huo huo siwezi kukudanganya kwamba idadi haina uzito wowote. Pac-Man ya 1980 ilikuwa na fimbo peke yake. Mgeni aliingiza sarafu na kuanza. Defender, gemu ya chombo cha anga iliyoingia kwenye kumbi za michezo 1981, ilikuwa na fimbo ya kwenda juu na chini pamoja na vitufe vitano: kugeuka, kusukuma chombo, kupiga, bomu, na kutoweka. Ilijulikana kwa kuwafukuza wageni mapema. Waliovumilia waliipenda mno. Vitufe vingi ni kiingilio. Kikiwa ghali wataingia wachache, lakini bei ya mlangoni haikuambii kilichomo ndani.

Utaniuliza: mbona gemu ya mpira ina vitufe vyote hivyo na watoto wa darasa la tano wanaiweza? Kwanza, hawakuanza navyo vyote. Siku ya kwanza mtoto anajua pasi na shuti, na hivyo viwili vinamtosha kufunga goli. R1 ya kupinda mpira na L1 ya kuuinua juu ya kipa huja baadaye, kila moja kwa wakati wake, kutoka kwa mwenzake aliyemfunga nayo. Gemu yako inadai vyote kabla ya abiria wa kwanza kupanda.

Pili, vidole vyao vimeshakariri. William Edmund Hick, mwanasaikolojia wa Uingereza, alionyesha mwaka 1952 kwamba muda wa kuchagua unaongezeka kadiri machaguo yanavyoongezeka. Mazoezi hupunguza sana gharama hiyo. Aliyezoea hachagui tena kati ya vitufe 14. Anafikiria "krosi" na krosi inatoka. Ukitaka kuona jinsi mazoea hayo yalivyo na nguvu, mchukue mtu aliyekulia kwenye PES umpe FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, bila kubadilisha mpangilio. Kwenye PES shuti ni mraba. Kwenye FIFA mraba ni krosi na shuti ni duara. Akibaki yeye na kipa, atainua mpira wa krosi, na kibanda kizima kitacheka. Pedi ni ile ile, mpira ni ule ule. Kwa hiyo vijana wako hawakuja na mikono mitupu: walikuja na vidole vilivyojaa mpira, na wewe ukavipa lugha nyingine.

Ukiitazama historia ya pedi kwa hesabu hii ya vidole, mengi yanajieleza. Mwaka 1982 Gunpei Yokoi wa Nintendo alibuni kitufe chenye umbo la msalaba kwa ajili ya Donkey Kong ya Game & Watch, na kikaingia kwenye Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, mwaka uliofuata. Gumba moja likaongoza pande nne bila fimbo. Kulia kulikuwa na A na B tu. Super Mario Bros. ya 1985 ilivitumia kwa ustadi ambao bado naushangaa: B unaibana ukitaka kukimbia, A unaibonyeza ukitaka kuruka. Kwa kuwa vimekaa bega kwa bega, ncha ya gumba inabaki juu ya B na kiungo cha gumba kinalalia A. Kukimbia na kuruka kwa pamoja, kidole kimoja, bila kukiinua. Vile vitufe vingewekwa mbali kidogo tu, gemu ile ingekuwa nyingine.

Super Famicom ya 1990 iliongeza vitufe viwili begani, vidole vya shahada vikapata ajira. Halafu ikaja Street Fighter II mwaka 1991 na mapigo sita, ngumi tatu na mateke matatu. Pedi ya Mega Drive, mashine ya gemu ya Sega, ilikuwa na vitufe vitatu. Kwa pedi hiyo ulilazimika kubonyeza Start ili kuhama kati ya ngumi na mateke, katikati ya pambano! Sega wakatoa pedi ya vitufe sita mwaka 1993. Hapo gemu ndiyo iliyoivuta pedi, si pedi iliyoivuta gemu. Watu husahau kwamba mvutano huu una pande mbili.

Badiliko kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni stiki. Kitufe kina hali mbili, kimebonyezwa au hakijabonyezwa. Stiki ya Nintendo 64, mwaka 1996, ilijua umeisukuma kiasi gani: kidogo, Mario ananyata, hadi mwisho, anakimbia. Mwaka 1997 Sony wakatoa DualShock yenye stiki mbili, moja ya kutembea na moja ya kutazama, na ulimwengu wa pande zote ukafunguka. Lakini kulikuwa na gharama ambayo hutajwa mara chache. Gumba la kulia likishakuwa na kazi ya kutazama, vile vitufe vinne vizuri vya maumbo vinabaki bila mwenyewe. Ndiyo maana kupiga risasi kulihamia R1 na R2.

Na hata hilo halikupokelewa kwa urahisi. Alien Resurrection, gemu ya kupiga risasi ya PlayStation, mwaka 2000, ilitumia stiki ya kushoto kutembea na ya kulia kutazama, mpangilio ambao leo kila mtu anauona wa kawaida, na mhakiki mmoja wa GameSpot akaulalamikia vikali. Mwaka mmoja baadaye Halo, nayo ya kupiga risasi, ilitumia mpangilio huo huo na ikapendwa. Tofauti? Halo ilifanya kazi ya usafi. Mchezaji alibeba silaha mbili tu, hivyo kitufe kimoja kilitosha kubadilisha. Bomu la mkono lilikuwa na kitufe chake chini ya kidole cha shahada cha kushoto, la kulirusha bila kuondoa gumba kwenye stiki. Na gemu ilisaidia kulenga kimyakimya. Walipunguza ugumu wa kuendesha ili wabaki na ugumu wa kuamua: nijifiche, nirushe bomu, au nimkimbilie? Hicho ndicho ningekushauri ukiibe.

Ipo njia nyingine, na ni haki niitaje kwa sababu inakuhusu. Mwaka 2002 Capcom walitoa Steel Battalion ya Xbox, gemu ya kuendesha roboti kubwa la vita, ikiwa na meza yake ya vidhibiti: vitufe karibu 40, fimbo mbili, na pedali tatu. Kulikuwa na kitufe cha kujiokoa chini ya kifuniko, na usipokibonyeza kwa wakati chombo kikilipuka, gemu ilifuta maendeleo yako yote. Upuuzi? Kwa wengine. Lakini pale mashine yenyewe ndiyo mada, na raha ilikuwa kuimudu. Boda nayo ni mashine ya kweli: klachi mkono wa kushoto, gia mguu wa kushoto, mafuta na breki ya mbele mkono wa kulia, breki ya nyuma mguu wa kulia. Dereva wa pikipiki ya Boxer anatumia viungo vyote vinne na wala hafikirii. Ukiamua kwamba gemu yako inahusu kuimudu Boxer, basi gia zina haki ya kuwepo. Kwa ulivyoieleza, hata hivyo, naona inahusu abiria, nauli na trafiki. Kama ndivyo, gia zinakula gumba la kulia bila kulipa kodi.

Mimi ningeanza hivi. Ondoa kupatana kwenye mishale ukupeleke L1 na R1: moja inapandisha bei, nyingine inaishusha, na ukinyamaza sekunde chache umekubali. Kwa njia hiyo mtu anaweza kubishana na abiria huku anapenya foleni, jambo ambalo ndilo Kampala yenyewe, na kwa kweli ndilo wazo zuri kuliko yote katika gemu yako. Hapo L1 haiwezi tena kuwa kitufe cha kubadilishia kazi, na nasema vizuri. Kamera ijigeuze yenyewe kufuata boda. Stiki ya kulia ibaki kwa anayetaka kuchungulia nyuma. Gia zijibadilishe zenyewe, na umpe mchezaji mkongwe ruhusa ya kuwasha gia za mkono kwenye menyu. Taa na simu zihamie kwenye mishale, maana hakuna anayewasha taa katikati ya kona.

Kwa honi, kibali na kupakia abiria, unaweza kutumia kitufe kimoja kinachobadilika kulingana na mahali. The Legend of Zelda: Ocarina of Time ilifanya hivyo mwaka 1998: kitufe A kilifungua mlango, kilipanda farasi, kiliongea na mtu, na jina la kazi ya wakati huo liliandikwa juu ya skrini. Hata kuruka kuliachiwa gemu. Link, shujaa wa gemu hiyo, alifika ukingoni akaruka mwenyewe. Njia hii inapunguza vitufe sana, lakini ina hila yake. Abiria akisimama karibu na trafiki, kitufe kitachagua nani? Mchezaji atakayempigia trafiki honi badala ya kutoa kibali atailaumu gemu, na atakuwa na haki. Panga nani ana kipaumbele na uandike jina la kazi mahali linapoonekana.

Ushauri wa rafiki yako si mbaya, ila atakupa gemu nyingine. Ukiwa na vitufe viwili kwenye simu, boda inakwenda yenyewe na wewe unachagua njia, abiria, bei na wakati wa kuongeza mafuta. Inaweza kuwa gemu kali ya akili. Utakachopoteza ni R2. Pedi ya PS4 inasoma mbano wa R2 kwa hatua 256, na ndio unaokuwezesha kunyemelea katikati ya magari mawili pale Clock Tower kwa mwendo wa kutembea. Kidole juu ya kioo hakikupi hisia hiyo. Kama raha ya gemu yako iko kwenye kunyemelea, usiende simu bado. Kama iko kwenye bei na njia, rafiki yako ana hoja.

Vyovyote utakavyoamua, mruhusu mchezaji apange vitufe mwenyewe. Wapo wenye mkono mmoja, wapo waliopungukiwa vidole, na baadhi yao hutumia vifaa kama Xbox Adaptive Controller ya 2018, ambavyo havina maana gemu ikikataa kubadilishwa.

Kabla ya yote hayo, angalia pedi za kile kibanda. Ndani ya stiki kuna vipande vidogo vinavyosuguana kila unapoisogeza, na vikilika stiki inaanza kutuma ishara hata haijaguswa. Gemu za mpira huficha kasoro hiyo kwa kupuuza misogeo midogo karibu na katikati. Kama yako haipuuzi, boda ilikuwa inavuta upande na vijana wakadhani hawajui. Weka eneo la kupuuzwa, anza na asilimia 15 hivi. Pedi ikizidi hapo, mpelekee fundi abadilishe stiki.

Ukirudi kibandani, lipia muda kama mteja, kaa pembeni, na usiseme neno. Usitazame skrini, tazama mikono. Omba ruhusa uirekodi kwa simu. Kila mahali gumba linapoinuka bila kupenda, au mtu anapoinamisha kichwa kutafuta kitufe, andika dakika. Kazi hii haifanyiki kwa barua, lazima uwepo. Ukipata mtu mwingine anayetengeneza gemu, Busia au Kampala, mwombe akutazame wewe ukicheza.

Na gumba. Mimi si daktari, kwa hiyo nitasema ninachokijua kutokana na kazi. Uchovu unaoisha ukipumzika usiku ni wa kawaida kwa anayejaribu gemu yake mfululizo. Punguza, pumzika kila nusu saa, na mpangilio mpya utasaidia. Lakini maumivu yakibaki baada ya siku kadhaa bila kucheza, au yakishuka hadi kwenye kifundo cha mkono, au ukipata ganzi, uvimbe, au ukashindwa kufungua chupa, acha kucheza kabisa na uende kituo cha afya wakuchunguze. Waambie wazi kwamba unashika pedi saa nyingi kwa siku, na uliza kama hospitali ya karibu ina mtaalamu wa tiba ya viungo. Usimeze dawa za maumivu ili umalize toleo jipya.